Pampu haijafa, imekwama tu

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na wenzangu tunaofuga samaki wa mapambo ndani ya nyumba, maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu sasa.

Pampu yangu ya kuzungusha maji kwenye tangi ilianza kukoroma usiku, siku mbili tatu baadaye ikawa inavuma tu mmmm bila kusukuma hata tone, nikaipeleka kwa fundi, akaitikisa karibu na sikio akasema hii mota imeungua tupa nunua nyingine, na mimi bila hata kuuliza nikatupa nikanunua. Baada ya miezi kadhaa ile mpya nayo ikaleta mchezo uleule. Safari hii nikasema siendi kwa mtu, nikaifungua mwenyewe, kumbe kuna kakonokono kameingia kakajibana pembeni ya feni. Kakonokono jamani! Nikakatoa kwa kijiti cha meno na pampu inapiga kazi mpaka leo. Sa ile ya kwanza niliyoitupa je?

Hizi pampu ndani hazina mambo mengi. Koili, yaani ule waya uliozungushwa unaopitisha umeme, imezibwa kabisa kwenye plastiki, maji hayaigusi, na kinachozunguka ni kasumaku ka duara kenye mapanga madogo mbele, ndio hiyo feni, kamevaa kijiti chembamba cha kauri au chuma. Kwa hiyo ikivuma ujue umeme unafika, mara nyingi ni feni ndio imekwama. Ila ikiwa kimya, baridi, na umeshajaribu soketi nyingine, hapo sawa anza kuomboleza.

Kusafisha sio kazi ngumu. Chomoa plagi kwanza, sio kuzima swichi tu, chomoa kabisa ndio uingize mkono kwenye maji. Toa kifuniko cha mbele, vuta feni taratibu maana kile kijiti kikiwa cha kauri kinakatika kama biskuti. Utakutana na utelezi, mwani, vipande vya majani, na nywele (ndio, nywele, sijui huwa zinafikaje huko). Utelezi unatoka kwa mswaki wa zamani, lakini ule ukoko mweupe wa chokaa usihangaike kuukwangua na kisu, loweka kwenye siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, utaona vipovu vinapanda, baada ya nusu saa au lisaa sugua kidogo tu unaachia. Halafu kuna lile tundu sumaku inapokaa, wengi wanalisahau kabisa na uchafu umejaa humo, pitisha kijiti chenye pamba. Suuza mpaka harufu ya siki iishe. Sabuni usiguse hata kidogo. Na sponji ya chujio isuuze kwa maji uliyochota kwenye tangi lenyewe, ukitumia ya bomba yenye klorini unaua bakteria wanaopunguza sumu ya amonia, halafu unashangaa samaki wanakufa wakati tangi linang'aa.

Ukiona sumaku imevimba au inatoa kutu, hiyo usiilazimishe, tafuta feni peke yake, kwa pampu nyingi inauzwa bila kununua pampu nzima.

Ukishairudisha kwenye maji iinamishe huku na huku hewa itoke ndio uwashe, na usiijaribu ikiwa kavu, maji ndio yanaipoza na kuilainisha. Ikiendelea kuguruma angalia maji yasiwe yameshuka ikawa inavuta hewa, kama sio hivyo basi kijiti kimelika. Na waya uache uning'inie chini kuliko soketi kabla haujapanda, ili tone likitiririka lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Halafu kama pampu imesimama na unaona samaki wamepanda juu wanahema mdomo wazi, achana na kufungua fungua kwanza, weka hata kale kapampu ka hewa, oksijeni inawaishia hao.

Na nyie mafundi mnaosoma barua hii, mimi sina ugomvi na mtu, ila kabla hujamwambia mteja atupe, vuta ile feni uangalie, haimalizi hata dakika mbili.

Ni mimi msomaji wenu,
Mfuga samaki