Fedha ni ya kweli, herufi ni za uongo

Leicester, 9 Februari

Ndugu yangu Salim,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote nyumbani, na mzee magoti yamempoa. Sisi huku hatujambo, ila baridi bado haijatuachia. Kwenye simu uliniuliza ile dinari yangu imeishia wapi, nikakwambia nitakuandikia, maana habari yenyewe haielezeki kwa dakika tano. Basi kaa kitako.

Unakumbuka nilivyokuwa na furaha Septemba. Nilikuwa nimepata dinari, yaani sarafu ya fedha ya Roma ya kale, ya jemadari Marcus Antonius, katika zile alizopiga majira ya baridi ya mwaka 32 kuingia 31 KK, alipokuwa amepiga kambi Ugiriki akijiandaa kupambana na mpinzani wake Octavianus. Askari walikuwa wengi na wote walitaka mshahara. Upande mmoja kuna merikebu ya vita na safu ya makasia. Upande wa pili amesimama tai wa legioni, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Roma, kati ya fimbo mbili za alama za vita, na chini kumeandikwa LEG na namba ya legioni yenyewe. Namba zinakwenda mpaka 23. Nyingi si adimu, kwa kuwa zilipigwa kwa wingi mno. Ila ile ya legioni ya kwanza, inayoandikwa LEG PRI, mtu anaweza kukusanya maisha yake yote asiishike. Katika orodha ya sarafu za Jamhuri ya Roma aliyoichapa Michael Crawford mwaka 1974, ambayo ndiyo sote tunaitegemea, ni namba 544/13. Yangu ilisomeka LEG PRI. Nililipa akiba ya miezi minne bila kusita.

Ilipofika nikafanya alivyokuwa akifanya mzee pale dukani, wakati mimi na wewe tunatumwa kuteka maji ya kupimia. Niliiweka kwenye mizani: gramu 3.41. Nikaifunga uzi, nikaining'iniza ndani ya glasi ya maji, uzito ukapungua 0.33. Ukigawanya uzito kwa upungufu huo unapata 10.3, yaani ni nzito mara 10.3 kuliko maji. Fedha tupu ni 10.5 na shaba ni kama 9, kwa hiyo haikuwa shaba iliyovishwa ngozi ya fedha, maana hizo zipo, na za zamani zile zile. Ilikuwa fedha iliyotiwa shaba kidogo, na Antonius anajulikana kwa hilo. Plinius, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba alichanganya chuma kwenye dinari zake. Chuma si kweli, ni shaba, lakini inaonyesha sifa yake ilivyokuwa bado inasemwa miaka 100 baadaye.

Na hapo ndipo penzi langu kwa sarafu hizi lilipo, Salim. Kwa kuwa zilikuwa na fedha pungufu, watu walificha zile nzuri wakatumia hizi. Zile nzuri zikaishia vyunguni na kwenye kalibu za kuyeyushia, hizi za Antonius zikabaki mikononi mwa watu. Zinafukuliwa pamoja na sarafu za wafalme waliotawala miaka 200 na zaidi baada yake. Ndiyo maana karibu zote zimesagika. Fikiria mikono iliyozishika, kuanzia askari aliyeshindwa na Octavianus kwenye vita vya Actium mpaka muuza samaki ambaye babu wa babu yake hakumjua Antonius.

Yangu nayo ilikuwa imesagika. Makasia yamebaki kama nywele, tai hana kichwa. Lakini zile herufi tatu, PRI, zilikuwa kali kama zimechongwa jana. Wiki nzima nilijifanya sikuliona hilo. Usiku mmoja nikatoa ile lenzi ya mara kumi uliyonipa, nikaiinamisha sarafu kwenye taa mpaka mwanga ukaja kwa ubavu. Kuzunguka herufi uso wa sarafu ulikuwa umechimbwa, umekwenda chini kuliko sehemu nyingine, na ndani ya shimo mna michirizi midogo inayong'aa, yote imeelekea upande mmoja. Mtu alikuwa ameifuta namba ya zamani kwa chombo chenye ncha, akachonga mpya humo humo chini. Fedha ni ya kweli, merikebu ni ya kweli, uongo ni herufi tatu tu. Mizani ya mzee isingeweza kuligundua hilo.

Nikataka kujua ilikuwa legioni gani. Mihuri ya kupigia sarafu ilichongwa kwa mkono, mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna miwili inayofanana kabisa. Ukikuta sarafu mbili zina kasoro ile ile, zimetoka kwenye muhuri mmoja. Yuko Mmarekani, Richard Schaefer, aliyekusanya picha za sarafu za Jamhuri kwa miaka mingi akizipanga muhuri kwa muhuri, na hazina hiyo sasa iko kwa American Numismatic Society kule New York. Kazi yake ndiyo iliyonifundisha subira. Yangu ina ufa uliotoka fimbo ya kulia ukaenda mpaka ukingoni, umejikunja kidogo katikati. Kila nikitoka zamu nilikaa na picha za makumbusho na za minada, mamia na mamia. Januari nikaukuta ule ufa, na mkunjo wake. Pale pameandikwa LEG VIII.

Muuzaji nilimpelekea picha zote mbili. Hakubisha. Alinirudishia sehemu kubwa ya fedha, sarafu nikabaki nayo ili isiuzwe tena. Pesa haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba wale watu wa legioni ya nane walikuwa na namba yao miaka 2,000, ikapita kwenye mikono yote ile bila kufutika, akaja mtu mmoja akaichimba ili apate faida.

Tangu hapo sinunui sarafu isiyo na historia ya umiliki, na hata karatasi nazichunguza. Sarafu ya dhahabu ya Brutus, ile ya majambia mawili ya kujisifia kumuua Caesar, iliuzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki, kwani maelezo ya asili yake yalikuwa ya kughushi.

Uliniuliza pia kama dinari za namna hii zilifika pwani yetu. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 unataja bandari ya Rhapta huko kwetu, na bidhaa walizoleta: mikuki, mashoka, visu, vioo. Fedha haimo. Kwa bandari ya Barygaza, India, inatajwa, tena kwa faida. Jina, hata hivyo, lilitufikia kwa njia ya Waarabu: denarius ikawa dinari. Na sisi tunaita madini na pesa kwa neno moja, fedha. Askari wa Antonius angetuelewa.

Aprili nitakwenda London, British Museum. Wana chumba ambamo ukiweka miadi wanakuletea sarafu uzitazame mezani. Nitaomba za Antonius.

Picha nimekutumia kwenye simu. Mwonyeshe mzee upande wa tai, umwambie atazame kushoto kwa P, chini kabisa. Kuna kimstari kilichoinama ambacho yule mchongaji alikisahau. Mimi nasema ni mguu wa V. Nataka kusikia yeye anaona nini.

Nduguyo,
Hamisi