Simba wa milimita moja

Arusha, 3 Juni

Ndugu yangu Salehe,

Habari za Tanga? Wasalimie wote nyumbani. Umeuliza kwa nini wapiga picha wa kujifurahisha tu, wasioingiza hata senti, hawatosheki na vifaa wakishaonja mbuga. Unaona lenzi ya 18–55 iliyokuja na kamera yako inatosha (namba hizo ni milimita za urefu wa fokasi: zikiwa kubwa, lenzi inavuta mbali zaidi). Kwa harusi, sawa. Kwa Serengeti piga hesabu kwanza.

Hifadhini gari haliruhusiwi kuacha barabara, kwa hiyo umbali anaupanga simba. Tuseme yuko mita 50, kimo chake mita moja begani. Kwa milimita 55, kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha, anatua na kimo cha milimita 1.1, na sensa yenyewe ina kama 15. Kwa 300 anafika milimita 6, kwa 600 anafika 12, fremu karibu ijae. Ukimkuza kwenye kompyuta huongezi kitu: ni vitone vile vile vichache, vimetanuka.

Kuna na mwanga. Simba na chui huhangaika alfajiri na magharibi, giza likiwa bado lipo au linaingia. Lenzi ya bei nafuu ukiivuta mpaka mwisho hufunguka f/5.6 au f/6.3 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Ya f/2.8 hupitisha mwanga mara 4 ya f/5.6, yaani pale ya f/5.6 inapokupa shata (muda wa kupokea mwanga) ya 1/250 ya sekunde, ya f/2.8 inakupa 1/1000 kwa ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ile ile. Swala akitimua mbio, kwa 1/250 miguu yake inageuka moshi. Ndege arukaye anataka 1/2000. Ukipandisha ISO kufidia, chenga za picha zinakula manyoya. Ila ubora huo ni kioo kikubwa: 400 ya f/2.8 inahitaji tundu la milimita 143 (400 gawanya kwa 2.8), ndiyo maana bei yake inanunua gari.

Usikimbilie huko, wala usibadili bodi ya kamera. Tafuta 150–600 iliyotumika, au kodi ya wiki moja. Kwa joto na unyevu wa pwani ukague kuvu: mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, irudishe.

Mengine hayataki pesa. Dereva azime injini, maana kwa 600 mtetemo mdogo tu unaharibu kila kitu. Shona mfuko wa kitambaa, utie kilo 2 za mchele, uulaze dirishani na lenzi juu yake. Usibadili lenzi kwenye vumbi. Punje ikikaa kwenye sensa, kila anga utakalopiga kwa f/11 litakuwa na doa jeusi. Saa saba mchana ardhi inachemka, hewa inacheza, na mnyama wa mbali hatoki kwa lenzi yoyote ile. Kuleni.

Niandikie kama kamera yako ni Canon au Nikon, maana lenzi zao haziingiliani, na hapa kuna mtu anakodisha.

Wako,
Juma