Risala ya Kikundi cha Nishati na Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Matumizi Bora ya Nishati Nyumbani

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi wa kikundi,
Wazazi na walezi,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika maonyesho haya. Kazi yetu ni kusaidia kaya zipunguze umeme, gesi, kuni, mkaa na maji bila kupunguza mlo wala usafi. Hatutakuchosha kwa historia ya kikundi. Tutaeleza utakayoyaona mezani, kisha tutawasilisha maombi yetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, nyumba nyingi huanza kubana matumizi mahali pasipo na upotevu mkubwa. Watoto wanagombezwa kwa sababu ya taa, huku birika limejazwa pomoni kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai. Hesabu yenyewe ni nyepesi: zidisha wati za kifaa kwa saa zake za kufanya kazi, gawa kwa 1,000, utapata yuniti. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila jioni inatumia yuniti 1.35 kwa siku 30. Hita ya maji ya wati 1,500 inatumia yuniti 1.5 kwa saa moja. Saa moja ya hita inazidi mwezi mzima wa taa! Ndiyo maana tunamwambia kila anayetuuliza aanze na vifaa vinavyotoa joto: hita, birika, jiko, pasi. Hata balbu ya zamani ya wati 60 iko kwenye kundi hilo, maana sehemu kubwa ya umeme wake hutoka kama joto. Kwa saa zilezile 5 inakula yuniti 9 kwa mwezi.

Kuchemsha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji takriban yuniti 0.1. Anayehitaji robo lita akachemsha lita moja na nusu ametumia mara sita ya kilichohitajika. Pima maji kwa kikombe utakachonywea, ila hakikisha yamefika kwenye alama ya chini ya birika.

Meza ya pili ni ya friji, na hapo tunaomba usimame kidogo, kwa kuwa friji hufanya kazi usiku na mchana na kasoro yake ndogo hulipiwa kila saa. Chukua karatasi, ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango haubani mahali hapo. Rudia kila baada ya sentimita 15 kuzunguka mlango wote. Usipime sehemu moja ukaridhika, kwa sababu upande wa bawaba unaweza kubana vizuri huku kona ya chini inavuja. Mpira mchafu usafishwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini mpaka ndani ya mikunjo. Uliopinda ukandwe kwa kitambaa cha maji ya moto hadi ulainike na kurudi umbo lake. Uliopasuka hauna dawa, ubadilishwe.

Nyuma ya friji, chomoa waya kwanza, kisha ondoa vumbi kwenye mabomba meusi, kwa kuwa hapo ndipo joto linapotokea. Acha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani. Ndani, nyuzi 4 zinatosha, na kwenye friza 18 chini ya sifuri. Ili upate kipimo cha kweli, weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati usiku kucha. Hewa ya ndani hubadilika kila mlango unapofunguliwa. Barafu ikizidi unene wa milimita 5, zima friji iyeyuke yenyewe. Tafadhali, isichokolewe kwa kisu! Kisu kikitoboa bomba, gesi inatoka, na friji iliyohitaji saa chache za kuyeyusha inakuwa ya kutupwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, meza ya tatu ina kapu la joto, na hili tunalipenda kuliko vyote kwa sababu halina kifaa cha kununua. Chakula kikishachemka kwa muda mfupi hakihitaji moto zaidi, kinahitaji joto lisitoke. Tafuta kapu au boksi linaloizidi sufuria kwa sentimita 10 kila upande, chini pia. Shindilia nyasi kavu au vipande vya nguo, acha shimo la ukubwa wa sufuria, kisha shona mto mnene wa kufunika juu. Chemsha chakula, kiache kwenye moto dakika 10 hadi 20 kulingana na ugumu wake, halafu ipeleke sufuria kapuni moja kwa moja bila kufunua. Punguza maji kama robo, kwa kuwa mvuke hautoki.

Wanaoshindwa tunazijua sababu zao. Sufuria ilikuwa nusu, na chakula kidogo hakina joto la kutosha kujihifadhi. Au mpini mrefu uliacha mwanya. Au nyasi zilikuwa na unyevu. Au mtu alifunua achungulie, na hili ndilo kubwa. Maharage mekundu yana sumu ya asili isiyoondoka kwa moto mdogo, hivyo lazima yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kuingia kapuni. Na chakula chochote kikishuka chini ya nyuzi 60, kichemshwe tena kabla ya kuliwa.

Kwa wanaopikia gesi, mwali uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria inashika masizi, zibua matundu ya jiko kwa pini bila kuyapanua. Tatizo likibaki, njia ya hewa inahitaji fundi. Uvujaji upimwe kwa povu la sabuni kwenye maungio, kamwe si kwa kiberiti. Kuni zipasuliwe, zipangwe juu ya vigingi, zifunikwe juu tu ili upepo upite pembeni, maana kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake. Jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa: kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na inaua.

King'amuzi kinachoachwa kwenye soketi kikivuta wati 10 saa 24 kinakula yuniti 87.6 kwa mwaka. Ekstensheni yenye swichi inamaliza hilo. Lakini pasi na hita zisichomekwe kwenye ekstensheni nyembamba. Waya ukipata moto mkononi, chomoa.

Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linapoteza zaidi ya lita 4 kwa siku. Mara nyingi ni washa, yaani kile kipira cha ndani kinachoziba maji, iliyokwisha. Ukiibadilisha na uvujaji ukarudi baada ya wiki chache, kitako cha shaba ambacho washa hukalia kimelika na kinahitaji kusagwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu. Tunaomba mita ndogo 10 za kuchomeka kwenye soketi, ili kaya ziazime kwa wiki moja moja. Tunasema wiki kwa sababu friji huwaka na kuzima, na kipimo cha saa moja hudanganya. Pia tunaomba vijana wetu wapate mafunzo na zana za kutengeneza majiko na friji, kwa sababu kifaa kinachotengenezeka kikitupwa, nishati iliyokiunda imepotea. La tatu linatuumiza zaidi: taa za mirija na za kujisokota zina zebaki, ambayo ni sumu, nasi tunahamasisha watu wazibadilishe ilhali hatuna mahali pa kuzikusanya. Tunaomba chombo maalumu na utaratibu wa kuzipeleka zinakoshughulikiwa.

Mwisho, sufuria iliyo kapuni pale mezani iliondolewa motoni asubuhi hii, muda wa saa tatu kabla ya wakati uliopangwa wa risala hii, na haijafunuliwa. Kipimajoto kiko pembeni yake. Tunakuomba uifunue wewe mwenyewe, upime mbele ya wote, kisha utusomee kipimo.

Tunaomba kuwasilisha.