Tusirudishe nyanya kwenye tuta lile lile

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaolima mboga na matunda katika vishamba vya kukodi. Wengi wetu tukivuna nyanya vizuri, msimu unaofuata tunazirudisha kwenye tuta lile lile. Hapo ndipo ugonjwa wa mnyauko unapotukuta. Vimelea vyake hubaki udongoni, na kupanda biringanya, pilipili au viazi mviringo badala yake hakusaidii, kwa kuwa mazao hayo yote ni ya ukoo mmoja na nyanya. Ukoo huo ukae mbali na tuta hilo kwa miaka 3 hivi.

Mimi nikitoa nyanya napanda maharage. Nikishavuna, nakata mashina usawa wa ardhi na kuacha mizizi, maana vile vinundu vyake vina bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, ambayo ni chakula cha mimea. Kabichi hufuata hapo, nazo hustawi sana. Miti ya matunda haihamishwi, kwa hiyo ipewe pembe yake tangu mwanzo, isije ikazitia mboga kivuli.

Kinachoniuma zaidi ni kuona majani makavu yakichomwa moto kila mwisho wa msimu. Jamani, hiyo ni mboji! Yarundikeni, yamwagieni maji, mgeuze rundo kila baada ya wiki chache. Ila yaliyougua yasiingizwe humo.

Mkulima wa mboga