Barua ya malalamiko: minyororo ya theluji kwenye matope ya Bukavu

Bukavu, tarehe 14 Novemba

Kwa Bwana Mkurugenzi wa kampuni

Kuhusu: minyororo ya tairi za trekta ya bustani, na dumu la antijeli (dawa ya kuzuia maji yasigande)

Bwana Mkurugenzi,

Salamu. Nimefika dukani kwenu mara tatu kumtafuta mkubwa, mara zote naambiwa ametoka. Ndiyo maana naandika.

Nina kitalu cha miche hapa Ibanda, kwenye mteremko unaoshukia ziwani. Samadi na udongo navuta kwa trekta ndogo ya bustani, iliyofanya kazi Ulaya kabla ya kunifikia. Wakati wa kiangazi hainisumbui. Mvua ya Septemba ikirudi, ule udongo mwekundu unakuwa sabuni: gurudumu linazunguka palepale, na kwenye kushuka tela ndilo linaiendesha trekta. Nikaja kwenu kutafuta kitu cha kuzisaidia tairi zishike.

Muuzaji wenu hakuniuliza tairi ni za aina gani, wala mteremko, wala mzigo. Alitoa sanduku la minyororo ya theluji, ile inayofungwa kuzunguka tairi, lenye picha ya trekta inayosukuma theluji, akasema: "Papa, kama hii inashika kwenye barafu, matope ni kitu gani?" Dola 130. Noti zangu alizikagua moja moja kwenye mwanga, akanirudishia ile ya 20 yenye kampasuko kadogo pembeni. Laiti tairi zangu zingekaguliwa hivyo.

Tairi zangu za nyuma ni za kipimo cha 23x10.50-12. Imeandikwa ubavuni, hata mtoto wa shule anaisoma. Minyororo mliyonipa ni ya tairi kubwa zaidi, na muuzaji alipoona imezidi, akanishauri ziada niifunge kwa waya. Mnyororo wa tairi lazima ubane. Ukiufunga unaendesha kidogo, unasimama, unaukaza tena, na wenye kujua wanaongeza mipira ya kuuvuta ili usilegee. Wangu ulikuwa unaning'inia. Siku ya tatu ulipiga madigadi ya kushoto mpaka ikapasuka.

Tena vile vipande vya mnyororo vinavyokatiza tairi kwa upana vimeachana pete nne nne. Trekta inapanda juu ya kipande, inadondoka, inapanda kingine, na mgongo wangu unahesabu kila kimoja. Kwa mashine ndogo kama yangu, ya pete mbili mbili ndiyo ingefaa, na ilikuwepo palepale rafuni. Hata hivyo sidhani hiyo nayo ingenisaidia sana. Udongo wetu unanata. Safari ya pili tu, nafasi zote kati ya vipande zimejaa, na mnyororo umezama ndani ya tope kama vile haupo.

Tarehe 2 Oktoba, saa tisa alasiri, mvua ikiwa imekatika, nilishuka na tela la samadi. Kwenye kushuka uzito unakimbilia mbele, na magurudumu ya nyuma, ambayo kwenye trekta yangu ndiyo pekee yenye breki, yanabaki mepesi. Yaliteleza na minyororo yake miguuni. Aliyenisimamisha ni mparachichi. Kijana anayenisaidia aliruka kutoka kwenye tela. Asingeruka, leo mngekuwa mnasoma barua ya wakili.

Nilipoirudisha minyororo, mlinionyesha mstari wa chini wa faktire: mali ikiuzwa hairudishwi. Halafu mkaniuzia antijeli, lita 20, dola 45. Mkasema nijaze maji kwenye tairi ziwe nzito, nichanganye na hiyo, la sivyo maji yataganda.

Yataganda wapi, Bwana Mkurugenzi? Theluji ya kudumu iliyo karibu nasi iko juu ya milima ya Ruwenzori. Kwenye nchi za baridi wana sababu ya kuweka antijeli, au kloridi ya kalsiamu ambayo inaongeza uzito lakini inakula rimu, maana maji matupu yangegeuka jiwe usiku mmoja. Hapa Bukavu maji matupu yanatosha. Na hilo dumu lenu ni la etileni glikoli, sumu yenye utamu. Mbuzi wangu wanalamba kila kitu.

Fundi wa tairi wa hapa jirani, ambaye theluji ameiona kwenye televisheni tu, aliinua trekta kwa jeki, akageuza tairi vali ikae juu, akajaza maji ya ziwa hadi usawa wa vali. Madumu mawili ya lita 20 hivi kila tairi, yaani kwa tairi zote mbili karibu kilo 80 zimekaa chini kabisa, pale pale panapotakiwa. Alidai pesa ya soda. Minyororo nimeivua. Kupanda na nusu tela sasa inashika. Kushuka kukiwa na maji bado sithubutu, nasubiri njia ikauke.

Kwa hiyo naomba mnirudishie dola 130 za minyororo, dola 45 za antijeli (dumu halijafunguliwa), na dola 15 nilizolipa kulehemu madigadi. Kopi za faktire zote tatu nimeziambatanisha. Minyororo nimeiosha, iko ndani ya sanduku lake, pamoja na waya.

Kama pesa taslimu ni shida, nitakubali tairi mbili za meno marefu, zile za shambani, za kipimo changu, na tofauti nitaongeza. Ila safari hii mumtume mtu aje kuona mteremko, tena aje siku ya mvua.

Nawapa siku 15. Nipo kitaluni kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi.

Mteja wenu,
mwenye kitalu cha miche, Ibanda