Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mzigo wa Gharama za Vipuri

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awaeleze wanachama kila mwaka hali ya chama na mambo yaliyoshughulikiwa na kamati tangu mkutano mkuu uliopita. Hesabu za fedha zimo katika taarifa ya mhazini mtakayosomewa baada ya hii, na mihtasari ya vikao iko kwa katibu kwa yeyote anayetaka kuipitia, kwa hiyo sitayarudia yaliyomo humo. Nimeona ni haki yenu niitumie karibu taarifa yote hii kwa jambo moja lililotawala vikao vyetu, ambalo wengi wenu mmeniletea ana kwa ana mkiwa na uchungu: pikipiki inaanguka kidogo tu, pengine ikiwa imeegeshwa, na bei ya kubadilisha vilivyoharibika inamfanya mwenyewe aifunike turubai na kutembea kwa miguu kwa miezi kadhaa.

Niruhusuni nianze na pikipiki moja niliyoikagua kwa macho yangu. Stendi yake iliteleza na ikalalia ubavu wa kushoto. Kioo cha taa kubwa ya mbele hakikuwa na mkwaruzo, kiakisi cha ndani kilikuwa kinang'aa kama siku ya kwanza, na taa yenyewe ilikuwa inawaka. Kilichovunjika kilikuwa sikio moja la plastiki, lenye upana wa ncha ya kidole, ambalo hupokea skrubu inayoishika taa kwenye bodi, na kwa sababu hiyo taa ilikuwa imeinama ikimulika gurudumu badala ya barabara. Dukani mwenzetu aliambiwa kwamba sikio haliuzwi peke yake, na kwamba lazima anunue taa nzima. Aliyemwambia hivyo hakumdanganya, kwa kuwa ndivyo kitabu cha vipuri cha mtindo ule kinavyoonyesha: mchoro una vipande vingi, lakini namba ya kuagizia ni moja.

Taa ile haikununuliwa. Mwanachama mmoja mwenye mkono mwepesi alichukua chuma cha kuchomelea risasi, akazamisha kipande cha wavu mwembamba wa chuma ndani ya ufa, kisha akayeyushia juu yake, pande zote mbili, plastiki aliyoikata kutoka kwenye kava kuukuu. Alitangulia kusoma herufi zilizo ndani ya vipande vyote viwili ili kuhakikisha ni plastiki ya aina moja, kwa maana plastiki za aina tofauti hazishikamani hata ukizichoma vipi. Sikio lile linashika hadi leo. Nimelieleza kwa urefu kwa sababu kamati imejifunza hapo swali ambalo kila mmoja wetu angepaswa kuuliza kabla ya kutoa fedha, nalo ni kipi hasa kimeharibika, na je, kinachouzwa ni hicho au ni kundi zima la vitu ambalo hicho kimo ndani yake.

Wanachama wameniuliza kwa nini bei ziko hivi, na nadhani wanastahili jibu kamili kuliko lawama za jumla kwa wauza spea. Mtengenezaji akitengeneza mtindo mmoja kwa miaka mingi na kwa wingi mkubwa, vipuri vyake hutengenezwa na viwanda vingi na kusambaa kila mahali. Honda Super Cub, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1958 na kufikisha jumla ya pikipiki milioni 100 mwaka 2017, ndiyo mfano bora wa hali hiyo. Mtindo uliouzwa kwa miaka michache kisha ukaachwa unakuwa na bahati tofauti, kwa sababu kipuri chake kimoja hukaa ghalani miaka mingi kikimsubiri mnunuzi mmoja, na gharama ya kungoja huko anailipa huyo mnunuzi. Naomba wanaofikiria kununua pikipiki mwaka ujao waulize habari za vipuri kabla ya kuuliza habari za mwendo kasi.

Sababu nyingine ni haki ya umbo. Bodi, taa na madigadi vinaonekana kwa nje, na katika nchi nyingi sura yake inaweza kusajiliwa na mtengenezaji, hivyo kwamba kiwanda kingine hakiruhusiwi kutengeneza kipande kinachofanana nacho hata kama ni kwa ajili ya kutengenezea iliyoharibika. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria inayokiondolea ulinzi huo kipuri kinachotumika kuirudisha bidhaa katika sura yake ya awali, ingawa kwa haki zilizokwisha kusajiliwa katika baadhi ya nchi upo muda wa mpito. Kwa maoni yangu huo ni mwelekeo wa haki, na chama chetu kinapaswa kuuunga mkono popote unapojadiliwa. Mtu aliyekwisha kuilipia sura ya pikipiki siku alipoinunua hapaswi kuilipia tena kila inapoanguka.

Tena pikipiki zenyewe zimebadilika. Breki za ABS, zinazozuia gurudumu lisijifunge, zililazimishwa katika Umoja wa Ulaya kuanzia mwaka 2016 kwa aina mpya za pikipiki zenye injini inayozidi sentimita za ujazo 125, na zimeokoa maisha. Sitaki mtu yeyote anielewe kwamba nazipinga. Lakini zimeleta sensa ndogo kando ya gurudumu, pete yenye matundu inayosomwa na sensa hiyo, na kifaa cha kudhibiti shinikizo ambacho fundi wa kawaida hakifungui. Fundi anayetoa gurudumu kwa haraka na kuikunja pete ile kwa bisibisi anaweza kumletea mteja gharama inayozidi ile ya tairi aliyokuja kubadilisha. Tuwaambie mafundi wetu mapema, kwa upole, kwamba pete hiyo ipo.

Sasa nije kwenye uharibifu tunaojiletea wenyewe, ambao kwa kweli ndio ulionisikitisha zaidi mwaka huu, kwa kuwa hakuna sheria wala kiwanda cha kulaumiwa. Kipuri cha bei ndogo kilichosahauliwa hula kipuri cha bei kubwa. Pedi za breki zina mifereji au alama ya kuonyesha ukomo wake, na zikiachwa hadi bati la nyuma likaanza kusaga diski, mtu anayekwepa kununua pedi anajikuta ananunua diski. Unene wa chini unaoruhusiwa umechongwa kwenye diski yenyewe kwa milimita. Tuusome, tupime, tusikisie kwa ukucha. Mafuta ya breki nayo, ambayo watengenezaji wengi huagiza yabadilishwe kila baada ya miaka 2, hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu huo hulisha kutu ndani ya kalipa, yaani kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, hadi pistoni zake zikakwama.

Cheni ni somo lenye uzito zaidi. Cheni ya namba 428 ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, na ya namba 520 ina milimita 15.875. Ukihesabu pini 21 zinazofuatana kwenye cheni mpya ya 428 na kuivuta ikanyooka, unapata nafasi 20, yaani milimita 254. Urefu huo ukiongezeka kupita kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki yako, cheni imekwisha, hata kama bado inang'aa kwa mafuta. Kuweka cheni mpya juu ya sproketi zilizokwisha kuwa na meno makali kama ya papa ni kuitupa cheni hiyo, kwani meno yale yataila upesi, ndiyo maana cheni na sproketi zake mbili hubadilishwa pamoja. Lakini la kuogopwa zaidi ni cheni kukatika ukiwa kwenye mwendo, ikajikusanya mbele karibu na sproketi ndogo na kuupasua ukuta wa injini. Mwenzetu mmoja yalimpata hayo. Yeye mwenyewe alisalimika, namshukuru Mungu, lakini injini yake bado iko juu ya meza ya gereji, imefunikwa gunia, akisubiri kupata ganda jingine.

Kazi iliyotuletea nafuu kubwa kuliko zote ilikuwa ya kusoma namba. Gurudumu la nyuma la mwanachama mmoja lilianza kuyumba, na bei aliyotajiwa ya beringi zilizo ndani ya pakiti ya kampuni ya pikipiki ilimkatisha tamaa. Tulizitoa zile za zamani, tukazifuta grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, tukazielekeza kwenye mwanga wa tochi, na pembeni mwa pete ya nje tukasoma 6302 na herufi 2RS. Namba hiyo ni ya kimataifa, na maana yake ni beringi yenye tundu la milimita 15, kipenyo cha nje cha milimita 42 na unene wa milimita 13, na herufi zile zinaonyesha kwamba imezibwa kwa mpira pande zote mbili. Beringi hiyo hiyo hutumika katika pampu na mota, na huuzwa na wauza beringi bila jina la pikipiki yoyote juu yake. Sili za mafuta nazo huandikwa vipimo vyake juu ya mpira, tundu, kipenyo na unene. Nasisitiza mambo mawili: herufi zinazofuata namba zisipuuzwe, na inunuliwe beringi ya mtengenezaji anayeaminika, kwa sababu namba huhakikisha ukubwa tu na haisemi lolote kuhusu ubora wa chuma.

Hapo ndipo ulipozuka mjadala mkali ndani ya kamati juu ya spea zisizo za kampuni, na ni vyema mjue msimamo tuliofikia. Spea mbadala, inayouzwa kwa jina la kiwanda chake chenyewe, ni bidhaa halali, na baadhi yake hutoka kwenye viwanda vile vile vinavyowauzia watengenezaji wa pikipiki. Spea feki ni ile inayojivika jina la mwingine, na mtu anayeiba jina hatashindwa kupunja malighafi. Kwa kava, vioo vya pembeni, indiketa, mikono ya klachi na vitu vya namna hiyo, chama hakioni ubaya wa spea mbadala wala ya mtumba. Kwa pedi, mipira ya breki, tairi na kila kinachohusu usukani, tunawaomba msitafute unafuu kwa mtu msiyemjua. Bomba za shokapu ya mbele zilizopinda kidogo zinaweza kunyooshwa na fundi mwenye mashine na vipimo, lakini zikionyesha mkunjo au kromu iliyopasuka mahali zilipopindia, hazifai tena, na aliyezinyoosha hivyo hivyo kwa ajili ya mwenzake amemtega.

Kuhusu bima nitasema machache. Wanachama wawili walishangaa kuona pikipiki zinazoendesheka zikihesabiwa kuwa hasara kamili. Hesabu inayofanywa ni ya bei ya vipuri vipya na ufundi ikilinganishwa na thamani ya pikipiki siku ile, na pikipiki yenye bodi nyingi za plastiki huifikia thamani hiyo upesi kwa mikwaruzo tu. Kabla ya kusaini, ulizeni kama mnaruhusiwa kupendekeza matengenezo badala ya kubadilisha, na kama mnaweza kubaki na pikipiki baada ya kulipwa.

Jambo moja dogo lisilo na gharama liliwafaa wengi, nalo ni kutokukaza kupita kiasi kishikio cha mkono wa klachi na wa breki ya mbele. Kikikazwa kiasi cha kutosha kushika katika matumizi ya kawaida, lakini kikaweza kuzunguka kwenye usukani kikigongwa kwa nguvu, pikipiki ikianguka mkono huzunguka badala ya kukatika. Vyuma vya kukinga injini pia vinasaidia, ila vile vilivyofungwa mahali pasipofaa hupeleka kishindo chote kwenye fremu, na fremu iliyopinda ni hasara isiyolingana na kava lililokwaruzika.

Kwa kuzingatia hayo yote, kamati inaleta mapendekezo matatu. Kwanza, chama kiwe na daftari la vipuri ambamo kila mwanachama ataandika alivyonavyo nyumbani, mtindo, mwaka na namba ya kipuri, kwa maana nimeona kwa macho yangu mtu akiagiza kutoka mbali kipande ambacho jirani yake alikuwa anakitumia kuzuia mlango. Pili, pedi, cheni, sproketi na mafuta ya breki viagizwe kwa pamoja mara mbili kwa mwaka, ili bei ya jumla na gharama ya usafirishaji vigawanywe miongoni mwa wanaonunua. Tatu, chama kinunue spana ya kupimia mkazo wa bolti, kalipa ya kupimia milimita na kifaa cha kutolea beringi, vikae kwa katibu, na viazimwe kwa kusaini. Vifaa hivi ni ghali kwa mtu mmoja na hutumika mara chache, na bolti nyingi za aluminiamu tulizoziona zimekatika mwaka huu zilikatwa na mkono uliokaza kwa kukisia.

Pendekezo la tatu ndilo pekee linalogusa akiba ya chama, na mhazini ameligawanya katika awamu mbili ambazo atazieleza mwenyewe. Mtapiga kura juu ya kila pendekezo peke yake mara atakapomaliza kusoma. Karatasi za daftari la vipuri ziko mezani karibu na mlango, na yangu nimekwisha kuijaza.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti