Zege halilali: wito wa harambee ya mashine ya kuvunjia zege

Ndugu wahitimu wenzetu wa uhandisi ujenzi, kaka na dada mliotutangulia, na wadogo zetu mliotoka chuoni juzi,

Salaam nyingi kutoka kamati.

Mnaikumbuka mashine ya kijani ya maabara ya vifaa vya ujenzi, ile ya kona ya kushoto tuliyokatazwa kuisogelea bila miwani? Ipo, ni ileile. Ilikuwa kuukuu tulipoingia sisi mwaka 1998, na sasa inavuja mafuta hadi fundi sanifu wa maabara ameikingia kopo la rangi. Mshale wa geji ukifika nusu hukwama, kisha huruka mbele kama umeshtuliwa. Mwaka jana ilifanyiwa uhakiki ikaanguka, na tangu siku hiyo majibu yake hayaingii kwenye ripoti yoyote. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu leo anajifunza kuvunja zege kwa kuangalia video kwenye simu ya mwalimu wake.

Najua barua hii itasomwa pia na wenzi wenu, maana fedha inayoombwa ni ya nyumba nzima. Kwa hiyo wahandisi mniwie radhi, niwaeleze wao kidogo kazi ya mashine hii, yaani kupima nguvu ya zege kwa kulivunja.

Zege likishachanganywa, kiasi chake kinachotwa na kushindiliwa kwenye kalibu ya chuma yenye milimita 150 kila upande. Kesho yake mchemraba unatolewa na kuzamishwa majini. Siku ya 7 inavunjwa michemraba ya kwanza, ambayo kwa kawaida huwa imefikia kama theluthi mbili ya nguvu yake. Siku ya 28 inavunjwa iliyobaki, na hapo ndipo hukumu inapotolewa. Mchemraba wa zege la daraja la 25, yaani la nguvu ya nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, unatakiwa ubebe kilonyutoni 562 kabla ya kupasuka. Hizo ni kama tani 57: malori mawili ya mchanga yaliyojaa, yamesimama juu ya kitu cha kilo nane. Mashine nzima inafika huko chini ya dakika moja. Ukivunjika sawasawa, unabaki na piramidi mbili zilizogusana vichwa. Ukimeguka upande mmoja tu, hilo ni kosa la aliyejaza kalibu au la mashine yenyewe. Yetu humegua upande mmoja kila mara.

Sasa, kwa nini tusiliangalie zege kwa macho tu? Kwa sababu macho hudanganywa na maji. Mfuko wa saruji wa kilo 50 tuseme umepangiwa lita 25. Jua ni kali, zege linakuwa zito kwenye karai, saidia fundi anachoka, fundi anaagiza iongezwe ndoo ndogo ya lita 10. Zege linalainika, linateleza vizuri kwenye nondo, na uso wake ukikauka unang'aa kuliko ule wa jirani. Mwenye nyumba anafurahi. Nguvu imepungua kama theluthi nzima na hakuna jicho litakaloona, hata la mhandisi mwenye muhuri. Mtafiti wa zege wa Marekani, Duff Abrams, alilionyesha jambo hili kwa vipimo mwaka 1918, kule Chicago, akiwa ndani ya maabara ya chuo kama yetu. Sisi tumelirithi kama somo la darasani, na maabara ya kulihakikisha haipo.

Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 liliporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, watu 36 wakafa. Wengine wetu tulikuwa mjini siku ile. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo. Sidai kwamba mashine ya chuo ingeyazuia hayo. Jengo huanguka kwa sababu nyingi, na mara nyingine zege lake halina hatia hata kidogo. Lakini tunatoa vijana wanaokwenda kusimamia nguzo za ghorofa ilhali hawajawahi kusikia kwa masikio yao zege likipasuka. Hilo linaninyima raha, na sidhani ni mimi peke yangu.

Kuna pia utafiti uliosimama. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne anachoma pumba za mpunga kwenye pipa nyuma ya karakana. Jivu la pumba zilizochomwa kwa joto la kadiri lina silika nyingi, na linaweza kushika nafasi ya sehemu ya saruji. Ana michemraba yake ndani ya maji na hana pa kuivunjia, isipokuwa aipeleke kwenye maabara ya kulipia kwa nauli yake mwenyewe. Na mafundi wa vijijini wanaojenga madarasa na zahanati kwa fosi akaunti, yaani kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi, wamekuja zaidi ya mara moja na mifano ya zege mkononi. Wamerudishwa. Mashine mpya ikifika, hao watapimiwa bure, na mkuu wa idara amekwisha kukubali.

Tunahitaji shilingi milioni 46. Mashine ya kilonyutoni 2,000 pamoja na kuisafirisha na kuifunga ni milioni 31. Kalibu 24, matangi mawili ya maji na seti ya chekecheke ni milioni 9, kitako cha zege na umeme wa fezi tatu ni milioni 4, uhakiki wa kwanza ni milioni 2. Mkononi tuna milioni 17. Mwenzetu mwenye duka la vifaa ametoa mifuko 20 ya saruji, na mwingine ameahidi lori la kuitoa mashine bandarini. Ahadi za namna hiyo tunazipokea kwa mikono miwili.

Najua mnachokumbuka. Mwaka 2011 tulichangishana kwa ajili ya kompyuta, na risiti hatukuziona hadi leo. Ndiyo maana safari hii fedha inakwenda moja kwa moja kwa muuzaji, kwa sahihi tatu, mojawapo ya mtu asiye mjumbe wa kamati, na kila risiti itabandikwa kwenye kundi la darasa siku hiyohiyo. Michango mpeni mweka hazina wa mwaka wenu wa kuhitimu. Kiwango hatujaweka. Aliye na elfu kumi aitoe bila haya.

Harambee yenyewe ni Jumamosi ya mwisho ya Novemba, saa 2 asubuhi, palepale maabara. Hotuba ni moja, fupi. Baada yake tunamwaga zege la kitako cha mashine wenyewe, wazee kwa vijana, na tutachota mifano sita ya kwenda kuvunjwa siku ya 28, ili tusije tukaumbuka mbele ya wanafunzi. Chakula kipo. Ndala acheni nyumbani. Karai tunazo za kutosha ila makoleo ni machache, mwenye lake aje nalo.